Ukaidi wa Arsène Wenger na Hukumu Yetu Mashabiki

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, na vijana mliotoka Ng'ambo, Isevya, Cheyo, Kiloleni na Ipuli, nawashukuru kwa kuniita nizungumze juu ya mtu ambaye mashabiki wa Arsenal wa mji huu hawajawahi kukubaliana juu yake. Nitasema tangu mwanzo ninakoelekea, ili anayetaka kunipinga ajiandae mapema. Arsène Wenger, kocha wa Arsenal ya London tangu 1996 hadi 2018, alikuwa mkaidi. Ukaidi huo uliijenga Arsenal na baadaye ukaiumiza. Na kilichobadilika kati ya nyakati hizo mbili hakikuwa tabia yake. Waliobadilika ni watu waliomzunguka.

Tarehe 18 Machi 2017 Arsenal ilicheza na West Bromwich Albion kwenye uwanja wa The Hawthorns na kufungwa 3-1. Mechi ikiendelea, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikiburuta bango lililotaka kocha asipewe mkataba mpya, kisha ikapita ndege ya pili yenye bango la watu waliotangaza kwamba bado wanamwamini na kwamba anastahili heshima. Mashabiki wa klabu moja, wanaovaa jezi moja na kuimba nyimbo zilezile, walichangishana fedha ili wapingane angani, juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa amesimama pembeni mwa uwanja akijaribu kufanya kazi yake.

Mabishano hayo yalikuwa yamekwisha kukaa hapa Tabora kwa miaka mingi. Yapo kwenye vibanda umiza tunakobanana kwenye mabenchi, yapo kwenye vijiwe vya bodaboda vya karibu na stesheni, yapo kwenye mabaraza ya kahawa, na hayakuisha hata baada ya Wenger kuondoka mwaka 2018. Amekuja Unai Emery akaondoka, akaja Mikel Arteta ambaye aliwahi kuwa nahodha chini ya Wenger mwenyewe, lakini jina la mzee huyo likitajwa, watu waliokuwa wakizungumza kwa amani hugawanyika papo hapo. Upande mmoja husema sikio la kufa halisikii dawa. Upande wa pili humwita Profesa na hautaki kusikia neno lolote baya juu yake.

Wapo wanaosema kwamba tofauti hii ni ya umri tu: aliyeanza kuipenda Arsenal miaka ya tisini anakumbuka ubingwa, na aliyeanza baada ya mwaka 2006 anakumbuka kufungwa 8-2 na Manchester United kule Old Trafford. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini hayatoshi, kwa sababu nawafahamu watu wazima walioanza kumtaka aondoke mapema kuliko vijana, na nawafahamu vijana ambao hawakuwahi kumwona akitwaa ubingwa wa ligi na ambao bado wanamtetea kwa nguvu zote. Naona kinachotutenganisha ni kwamba kila upande umeshika jambo moja kati ya mengi aliyoyakatalia, na kwa jambo hilo moja umemhukumu mtu mzima. Ndiyo maana naomba tuyatazame mambo hayo moja moja.

Alipoanza kazi Arsenal tarehe 1 Oktoba 1996, akitokea klabu ya Nagoya Grampus Eight ya Japani, gazeti la London liliuliza waziwazi huyu Arsène ni nani. Alikuwa Mfaransa mwenye shahada ya uchumi, aliyewahi kuipa Monaco ubingwa wa Ufaransa mwaka 1988, na sura yake ilifanana zaidi na ya mwalimu kuliko ya mtu wa mpira. Akakuta wachezaji wanaokunywa pombe kwa wingi na kula wapendavyo. Akaondoa chokoleti, akaleta samaki, kuku wa kuchemsha na mboga za majani, akaleta mazoezi ya kunyoosha viungo, na manung'uniko hayakumrudisha nyuma. Mabeki aliowakuta wakiwa na umri mkubwa, akina Tony Adams, Lee Dixon, Nigel Winterburn na Martin Keown, wakaendelea kucheza kwa kiwango cha juu wakati wengi walidhani wamekwisha. Msimu wa 1997/98 Arsenal ilishinda mechi 10 mfululizo kuelekea mwisho wa ligi, ikaipita Manchester United iliyokuwa imetangulia mbali, ikachukua ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Kocha anayesikiliza kila mtu asingeweza kuyafanya hayo katika klabu ya Kiingereza ya wakati ule.

Ukaidi huohuo ndio uliotuleta wengi wetu sisi Waafrika kwenye klabu hii. Wenger alikuwa amemchukua George Weah kutoka Cameroon na kumpeleka Monaco mwaka 1988, wakati klabu kubwa za Ulaya zilikuwa bado hazina desturi ya kutafuta washambuliaji wao Afrika, na Weah alipotangazwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995, aliitoa tuzo hiyo kwa heshima ya kocha huyo. Pale Arsenal akamleta Nwankwo Kanu mwanzoni mwa mwaka 1999, mtu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo na ambaye wengine waliogopa kumtumia. Wazee mnakumbuka mabao yake matatu dhidi ya Chelsea mwezi Oktoba mwaka uleule, Arsenal ikitoka nyuma kwa mabao mawili na kushinda 3-2. Akaja Lauren wa Cameroon, akaja Kolo Touré kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Sijui kama ninyi mlioko hapa mngekuwa na jezi nyekundu kabatini bila watu hao, lakini kwa kizazi changu jibu liko wazi.

Kisha lipo lile la mwaka 2002, ambalo napenda kulirudia kwa vijana. Wenger alisema hadharani kwamba haoni kwa nini timu isiweze kumaliza msimu mzima wa ligi bila kupoteza mechi. Alichekwa, na msimu ule timu yake ikafungwa na ikakosa ubingwa. Hakuyafuta maneno yake. Msimu uliofuata, wa 2003/04, Arsenal ilicheza mechi 38 za ligi, ikashinda 26, ikatoka sare 12, haikufungwa hata moja, na mfululizo huo ulifika mechi 49 kabla ya kukatika Old Trafford tarehe 24 Oktoba 2004.

Naongeza jambo moja ambalo halitajwi sana katika mabishano yetu, nami naliona kubwa kuliko makombe kadhaa. Mwezi Februari 1999, katika Kombe la FA, kipa wa Sheffield United alitoa mpira nje ili mwenzake aliyeumia atibiwe. Arsenal iliporusha mpira kuurudisha kama ilivyo ada ya uungwana, Kanu, aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza na klabu hiyo, aliufukuzia, akampasia Marc Overmars, naye akafunga bao la ushindi. Mwamuzi alilikubali bao, na kwa sheria Arsenal ilikuwa imeshapita. Wenger ndiye aliyesema ushindi huo hautaki, akapendekeza mechi irudiwe, na ikarudiwa. Arsenal ikashinda tena 2-1. Anayesema kwamba mtu huyu alijali nafsi yake tu na alitaka kuonekana hakosei aeleze ni kocha gani mwingine aliyewahi kuurudisha ushindi ambao mwamuzi alikwisha kumpa.

Sasa niingie kwenye lawama. Inayosikika zaidi hapa kwetu ni ya ubahili: kwamba Wenger alikataa kununua, akauza nyota, na akakaa kuanzia Kombe la FA la 2005 hadi la 2014 bila kikombe chochote. Naomba kuipinga lawama hiyo kwa nguvu zangu zote. Uwanja wa zamani wa Highbury ulichukua watu wasiozidi 40,000, na klabu iliamua kujenga mwingine wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2006 kwa gharama ya pauni milioni 390. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na mkopo hulipwa. Wakati uleule ambapo Arsenal ilikuwa imeingia kwenye deni, Roman Abramovich alikuwa ameinunua Chelsea mwaka 2003, na mwaka 2008 Manchester City ikapata wamiliki wa Abu Dhabi. Klabu iliyokuwa ikihesabu kila pauni ilipaswa kushindana na klabu mbili ambazo mapato ya milangoni hayakuwa na maana kubwa kwao. Patrick Vieira aliondoka 2005, Thierry Henry 2007, Cesc Fàbregas na Samir Nasri 2011, na Robin van Persie akaenda Manchester United mwaka 2012 na kuwapa ubingwa msimu uleule. Mambo hayo yaliniuma kama yalivyowauma ninyi. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo ya deni, timu haikutoka kwenye nafasi nne za juu. Tangu msimu wa 1996/97 hadi wa 2015/16 ilimaliza humo misimu 20 mfululizo, na mwaka 2006 ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Paris, ikacheza sehemu kubwa ya mechi ikiwa na watu 10 baada ya kipa Jens Lehmann kutolewa, ikafungwa na Barcelona 2-1. Wenger angeweza kuondoka wakati huo, kwa maana klabu tajiri zilimhitaji. Alikaa na deni ambalo faida yake ingekuja kuliwa na makocha wengine, na wakati akitukanwa hakuitupia bodi mzigo huo hadharani. Kwa hilo ninamshukuru, na nitaendelea kumshukuru.

Hapa niseme neno juu ya vipimo vyetu wenyewe. Mwezi Novemba 2024 Yanga ilifungwa na Azam, na siku chache baadaye ikafungwa 3-1 na Tabora United, timu iliyokuwa ikibeba jina la mji huu, na furaha yetu siku ile haikuwa ndogo. Kabla mwezi haujaisha, kocha Miguel Gamondi, aliyekuwa ametoka kuchukua ubingwa wa msimu uliotangulia, alikuwa ameshaachishwa kazi. Huo ndio mpira tuliouzoea: mechi mbili mbaya, kocha nje. Mtu aliyekuzwa na mpira wa namna hiyo hupata taabu kumpima kocha aliyekaa karibu miaka 22 na kusimamia mechi 1,235. Wengine humpenda kwa sababu tu alidumu, na wengine humchukia kwa sababu hiyohiyo. Kudumu si sifa wala si kosa. Ni lazima tuulize alifanya nini ndani ya muda huo.

Na alifanya kosa, ndugu zangu, kosa kubwa, ambalo watetezi wake hulipita haraka. Kosa lake halikuwa kwenye mkoba, lilikuwa katikati ya uwanja. Kikosi kisichofungwa kilikuwa na Vieira na Gilberto Silva mbele ya mabeki, watu wenye nguvu, wanaonusa hatari kabla haijafika. Vieira alipoondoka, Gilberto alibaki, na msimu wa 2007/08 Mathieu Flamini akaifanya kazi hiyo kwa moyo mkubwa. Msimu huo Arsenal ilikuwa ikiongoza ligi ilipokwenda kwa Birmingham City tarehe 23 Februari 2008, Eduardo akavunjwa mguu, mechi ikaisha 2-2 kwa penalti ya dakika za mwisho, timu ikavunjika moyo na kumaliza ya tatu kwa pointi 83, pointi 4 tu nyuma ya mabingwa. Timu iliyokosa ubingwa kwa pointi 4 inahitaji kuongezewa watu wawili watatu wenye uzoefu. Badala yake, mwezi Mei na Julai, Flamini alikwenda Milan bure na Gilberto akaenda Panathinaikos. Kocha hakumleta kiungo mkabaji wa kiwango chao. Aliwaachia kazi hiyo vijana Denilson na Alex Song, kwa imani kwamba watakua.

Imani kwa vijana ni jambo jema, na ndiyo iliyomfikisha Fàbregas alikofika. Lakini kila shabiki aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza aliliona pengo hilo, akalisema, na likabaki pale mwaka baada ya mwaka. Msimu wa 2013/14 Arsenal ilikwenda kwa Manchester City ikafungwa 6-3, ikaenda kwa Liverpool ikafungwa 5-1, na tarehe 22 Machi 2014, siku ya mechi ya 1,000 ya Wenger, ikafungwa na Chelsea 6-0. Mara zote tatu timu ilipanda wote kushambulia, mpira ukapotea katikati, na mbele ya mabeki hapakuwa na mtu. Mara ya kwanza unaweza kuiita bahati mbaya. Ya tatu, ndani ya msimu mmoja, inaonyesha kocha ambaye ameona na hataki kubadilika.

Na msinieleze habari za deni katika kipindi hicho, kwa sababu fedha zilikuwa zimeanza kupatikana. Mesut Özil alinunuliwa mwaka 2013 kwa pauni milioni 42.5, na Alexis Sánchez akafuata mwaka 2014. Dirisha la usajili la majira ya joto la 2015 ndilo ninaloliona kuwa ushahidi mzito kuliko wote. Arsenal ilikuwa imetwaa Kombe la FA mara mbili mfululizo, timu ilikuwa na Özil na Sánchez, na ilihitaji kiungo mmoja wa kazi. Wenger alimsajili kipa Petr Čech, na zaidi ya kipa huyo hakuongeza mchezaji yeyote mwingine kwenye kikosi cha kwanza. Dirisha hilohilo Leicester City ilimchukua N'Golo Kanté kutoka Caen. Mwezi Novemba Francis Coquelin, mkabaji pekee tuliyemtegemea, akaumia. Vigogo wote wa ligi waliyumba msimu huo, mlango ulikuwa wazi kama haujawahi kuwa wazi, na Leicester ikawa bingwa kwa pointi 81 huku Arsenal ikiwa ya pili kwa 71. Sitaki kusikia kwamba huo ulikuwa mwujiza wa Leicester tu. Pengo lile lilijulikana kwa miaka saba.

Kwa nini basi mtu mwenye akili kiasi kile hakuona? Hapa ndipo narudi nilipoanzia. Wenger wa mwaka 1998 na Wenger wa mwaka 2015 ni mtu yuleyule, lakini wa kwanza alikuwa na David Dein, makamu mwenyekiti aliyemleta London, ambaye alisimamia usajili na ambaye alikuwa na ubavu wa kubishana naye uso kwa uso. Dein aliondoka mwezi Aprili 2007 baada ya kutofautiana na wenzake wa bodi. Angalieni mtiririko wa mambo: mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake ndipo kiungo chetu kilipobomoka na hakikujengwa. Msaidizi wa kocha, Pat Rice, alikaa tangu 1996 hadi 2012, akarithiwa na Steve Bould, beki wa zamani wa klabu hiyohiyo. Wote wawili ni watu wa heshima, lakini benchi halikupata sauti ngeni kwa zaidi ya miaka 20. Mlinganisheni na Alex Ferguson, kocha wa Manchester United, ambaye hakuna atakayesema alikuwa mtu laini. Ferguson alibadilisha wasaidizi mara kwa mara, akamleta Carlos Queiroz kutoka nje, akamruhusu aibadilishe timu kwa mechi za Ulaya, na mwaka 2008 akachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya, kombe ambalo Wenger hakulipata maisha yake yote pale Arsenal. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na bodi ya Arsenal ilimsifu mgema wake kwa miaka 10 bila kuonja.

Ndiyo maana naona kwamba sehemu kubwa ya hasira zilizoelekezwa kwa Wenger zilipaswa kwenda kwenye bodi. Mwaka 2017 timu ilifungwa na Bayern Munich jumla ya mabao 10-2, ikamaliza ligi ya tano kwa mara ya kwanza tangu afike, kisha tarehe 27 Mei ikaifunga Chelsea 2-1 pale Wembley na kumpa Kombe la FA la saba, idadi ambayo kocha mwingine hajaifikia. Kwa maoni yangu, jioni ile ndiyo iliyokuwa saa ya kuagana. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi, mashabiki wa mabango yote mawili wakiimba kwa pamoja, na angeondoka bila mtu wa kumfukuza. Bodi ilikuwa na wajibu wa kumwambia hivyo kwa upole na kwa uwazi. Siku chache baadaye wakampa mkataba wa miaka miwili. Akautumikia mmoja, timu ikamaliza ya sita, viti vikabaki vitupu kwenye uwanja alioteseka ili ujengwe, na tarehe 20 Aprili 2018 ikatangazwa kwamba anaondoka.

Vijana wengi mmeniuliza kama sanamu yake iliyozinduliwa nje ya uwanja huo mwezi Julai 2023 haijamaliza ubishi. Haijaumaliza, na haina sababu ya kuumaliza. Sanamu ile inalipa deni la heshima kwa makombe 3 ya ligi, kwa 7 ya FA, kwa uwanja na kwa msimu usio na kipigo. Haiwezi kulijaza pengo la kiungo wala kuirudisha ligi ya 2016. Mtu anaweza kuvua kofia mbele ya sanamu hiyo na bado akasema kwamba Gilberto hakupaswa kuondoka bila mbadala. Ninachoomba ni kwamba anayesema hivyo asiambiwe kuwa si shabiki wa kweli, na anayemtetea Profesa asiitwe mpumbavu. Wanyamwezi tuna utani wa tangu enzi za misafara ya pwani, unaomruhusu mtu kumwambia mwenzake maneno mazito bila kumvunjia utu. Hiyo ndiyo lugha ninayotamani kuisikia vibandani Jumamosi.

Mwenyekiti, nafahamu kwamba upande wa pili una hoja moja kubwa, kwamba Dein hata angebaki asingemgeuza mtu wa aina ile, na kwamba ninamtwisha asiyekuwepo mzigo wa aliyekuwepo. Mimi nashikilia kwamba usajili wa kabla ya Aprili 2007 unanipa haki. Wao wana kumbukumbu zao, na ningependa waanze na msimu wa 2008/09.